Viti vya Amana

Mwalimu Concilie sikumpenda, na asiwepo mtu wa kudhani kwamba mwisho wa habari hii nitasema nilimpenda. Alikuwa mkuu, Direktrisi kama tunavyosema, wa shule ya msingi ya Serikali hapa kwetu Buyenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na kila alipopita mbele ya gereji yangu alikunja uso kana kwamba amekanyaga kitu. Mimi naitwa Tajudini. Kazi yangu ni kuchomelea chuma. Gari likigongwa, likioza, likikatika chesisi, linaletwa kwangu.

Shule yake nayo sikuipenda, na chuki hiyo ilianza zamani kabla sijamjua yeye. Nilipokuwa na miaka saba marehemu baba yangu alinishika mkono akanipeleka pale pale. Siku hizo walimu walikuwa wa misheni. Waliniuliza jina, nikasema Tajudini, wakasema hilo si jina la kuandika kwenye daftari lao, nirudi nikishapata jingine. Baba alinirudisha nyumbani, akanipeleka madrasa, na mimi nikaapa kwamba mguu wangu hautaingia shule ile mpaka naingia kaburini. Kiapo cha mtoto, utasema. Nilikishika miaka thelathini na mitano. Hata binti yangu Houda alipofika umri wa kusoma, aliyempeleka alikuwa mama yake, na mama yake alipofariki mwaka wa tisini na nne, Houda alijipeleka mwenyewe.

Haya ninayosimulia yalitokea mwaka wa tisini na saba. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Mafuta ya gari yaliuzwa kwa chupa, chuma kipya hakikuonekana, na vijiti vyangu vya kuchomelea nilivifungia sandukuni pamoja na pasipoti. Watu waliokimbia vita kutoka upande wa kaskazini wa mji walikuwa wamelala madarasani msimu mzima wa mvua, na madawati yote ya shule yakaishia chini ya masufuria yao. Siwalaumu. Mtoto akikulilia njaa utachoma hata mlango wa nyumba. Lakini tangu hapo wanafunzi walisoma wakiwa wamekaa chini, na Houda alirudi kila siku na vumbi la udongo kwenye sketi, akilalamika mgongo unamuuma kwa kuandikia magotini.

Mwezi wa sita kulikuwa na konkuru, ule mtihani wa darasa la sita unaomvusha mtoto kwenda sekondari. Shule isiyo na madawati haikuruhusiwa kuwa kituo. Watoto wake walipelekwa kufanyia kwingine. Mwaka uliotangulia wa kwetu walipelekwa ng'ambo ya mto Ntahangwa. Walivuka daraja hamsini na wawili, wakarudi hamsini na mmoja. Aliyebaki alikuwa Ilyasi, mtoto wa Massoudi, fundi mwenzangu wa gereji ya pili. Vijana waliokuwa wamesimama darajani na rungu na guruneti walimuuliza yeye ni nani, na jibu lake halikuwapendeza. Sasa ilikuwa zamu ya darasa la Houda. Kila usiku nilimtazama akilala nikashindwa kulala mimi.

Wiki tatu kabla ya mtihani Concilie aliingia gerejini kwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa chini ya lori. Nikaona viatu vyake tu.

"Fundi, toka tuongee," alisema. "Nimefika Kinindo mara tatu kwa wale matajiri. Wananipa fanta na maneno. Sasa nimekuya kwenu."

"Kwetu hata fanta haiko," nikamjibu kutoka kule chini.

"Kila mwaka munaniibia watoto. Mutoto akifika cinquième, mwaka moja tu mbele ya konkuru, munamupa clé ya kufungua bolti mukononi, harudi tena shuleni. Mara moja tu, mufanye kitu kwa wale wamebaki."

Nilitoka. Nilitaka anione nilivyokasirika. "Madamu, mutu akiomba anaomba na adabu."

"Siombi, nakuambia. Inspecteur anakuya Alhamisi ya wiki ya pili. Kama hakuna pupitre, hakuna dawati, watavuka daraja. Na Massoudi ulimuona mwaka jana."

Kumtaja Massoudi kulikuwa kunipiga chini ya mkanda, na alilijua hilo. Nilimwambia aondoke, meza zake atazipata. Akasema atanitumia plan yenye vipimo. Nikamwambia gari nzima naijenga bila plan, sembuse meza.

Siwezi kuusema vibaya mtaa wangu. Nilipita gereji kwa gereji siku moja tu, na kabla ya adhuhuri ya kesho yake uwanja wangu ulijaa mbao za mabodi ya malori, fremu za vitanda, milango ya chuma. Waliokuwa na vijiti vya kuchomelea walitoa. Asiye na chuma alitoa mikono. Mama wauza maandazi walitulisha bila kuulizwa. Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe mahali, wala hakuna aliyeitwa mfadhili. Na wengi wetu, kama mimi, hatukuwahi kukaa darasani hata siku moja. Tulisoma Kurani mkekani, tukaingia kazini.

Houda aliniletea ile plan. Karatasi ya mistari, mishale na tarakimu, na juu yake maneno ya Kifaransa.

"Direktrisi anasema uangalie vizuri hii vipimo, Baba."

"Mwambie Direktrisi mi sifundishwe kazi yangu," nikasema, na karatasi nikawashia jiko la makaa mbele ya macho yake. Houda aliitazama ikiungua. Alikuwa mtoto wa kunyamaza.

Tulifanya meza thelathini, za kukaa watoto wawili wawili. Nilijivunia meza zile. Kona zote za mviringo ili mtoto asiumie, mbao zimepigwa randa na kupakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye teksi. Tukazipandisha kwenye mikokoteni, nikafuatana nazo mpaka getini, nikasimama pale kwa sababu ya kiapo changu. Wenzangu wakaziingiza. Alhamisi asubuhi nilirudi getini kumwona inspekta akishangaa.

Alishangaa kweli. Aliitwa Zénon, mtu mfupi mwenye koti zito kwenye joto lile. Alisimama mlangoni mwa darasa, akatazama, akatoka nje na kuita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Direktrisi! Hii ni nini?"

Meza zangu zilikuwa na kimo cha shubiri mbili. Meza za kuandikia mtu aliyekaa mkekani, kama tulivyoandikia sisi madrasa. Houda alikuwa amekaa chini miaka miwili. Nilichokiona mimi ni mtoto aliyekaa chini anayekosa pa kuweka daftari. Hata mmoja wetu, mafundi kumi na saba, hakuuliza kiti kiko wapi.

"Règlement inasema mutoto akae juu ya kiti, miguu ifike chini, mukono juu ya meza," Zénon aliendelea. "Hapa iko shule ya Leta, ya Serikali, haiko musikiti. Jumatatu saa ine napita mara ya mwisho. Jumanne ni konkuru. Bila viti, wanaenda ng'ambo."

Neno lile la msikiti lilipokelewa getini na matusi ambayo sitayarudia. Mawe mawili yalirushwa kwenye gari lake. Lakini Concilie hakumfuata Zénon. Alinijia mimi, mbele ya mafundi, mbele ya wauza mihogo, mbele ya watoto wake mwenyewe.

"Nilikutumia plan!"

"Mi naonaka watoto wanakaa chini. Nikafanya meza ya mutu anakaa chini!"

"Kwa hiyo ulifikiri nawakalisha kwenye udongo ju napenda? Miaka mbili natafuta hii madawati, Fundi. Miaka mbili nalia ku milango ya watu. We unachoma karatasi yangu ju ya kiburi!"

Nilimwita jina baya. Akaniita jina baya zaidi, la Kirundi, na watu wakacheka. Nilirudi gerejini na hasira yangu, na hasira ile haikunipa chuma. Tulikuwa tumemaliza kila kipande. Vijiti vya kuchomelea vilibaki kumi na kimoja mtaa mzima. Nilimwona Houda amekaa kwenye tairi akinitazama. Mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimewapeleka watoto wale darajani.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu gereji za Buyenzi. Vita vilipoanza, watu wengi walikimbia wakaacha magari yao kwetu. Mwenye gari akikuachia, hiyo ni amana. Hufungui hata skrubu yake moja. Litaota majani, kuku watataga ndani, wewe mwenyewe utalala njaa, lakini akirudi baada ya miaka kumi atalikuta kama alivyoliacha. Fundi aliyewahi kuuza betri ya amana hapa kwetu hakupata tena hata mtu wa kumwamkia. Massoudi alikuwa na minibasi ya mtu aliyekimbilia Kongo mwaka wa tisini na tano, akipita mpakani Gatumba kwa miguu. Kila Jumapili aliifuta vumbi.

Ijumaa baada ya sala nilisikia ufunguo ukigonga chuma upande wake. Nikaenda. Massoudi alikuwa ndani ya ile minibasi, anafungua bolti za viti.

"Massoudi! Ile gari iko ya mutu!"

"Najua iko ya mutu. Miaka mbili naichunga, hata balbu sijatoa."

"Sasa unafanya nini?"

Alitoa kiti cha kwanza, akakipindua, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe na kuandika chini yake namba ya gari. Aliiandika polepole, tarakimu kubwa. "Siuzi," alisema. "Naazimisha. Konkuru ikiisha, kila kiti kinarudi mahali yake. Mwenyewe akirudi leo na akiwa na hasira, mumulete kwangu. Mi nitamwambia mutoto wangu alienda wapi."

Huyo alikuwa baba yake Ilyasi. Nilichukua ufunguo wa kumi na nne nikaingia upande wa pili.

Kufikia alasiri mafundi walikuwa wanakuja na viti kutoka gereji zote. Viti vya teksi, vya pikapu, viti virefu vya nyuma, vingine vina ngozi, vingine spring zinachungulia, na kila kimoja kimeandikwa namba chini. Kwa miguu ya viti na ya meza tulifikia kukata mabomba ya moshi ya magari mabovu yaliyokuwa yetu wenyewe. Concilie alifika katikati ya kelele zile, mikono kiunoni.

"Viti sitini," alisema. "Na usiniulize vipimo. Leo unakuya kupima na mikono yako, ndani ya darasa."

"Mi siingie pale."

"Najua. Buyenzi yote inajua. Mutu muzima ananuna na ukuta." Alinigeuzia mgongo akaanza kutembea. "Kaa na kiapo yako. Mi na watoto tutavuka."

Nilitukana chini kwa chini, nikamfuata. Mguu wangu ulipopita geti nilihisi aibu, kana kwamba baba ananitazama. Ndani ya darasa la sita niliona vitofali. Kila mtoto alikuwa na kitofali chake cha kukalia, na vingine vimezungushiwa kitambaa. Miaka miwili. Nikatoa futi.

"Kuya, Houda, nikupime."

"Pima Joëlla, Baba," Houda alisema haraka, akamsukuma mbele rafiki yake. "Yeye ndiye mufupi. Ikimutosha yeye, itatosha wote."

Akili ya fundi, niliwaza, na nikampima Joëlla kutoka goti mpaka sakafuni.

Siku mbili zile zilikuwa za ugomvi mtupu. Concilie alikuja gerejini na walimu wake watatu, akafunga kitenge kichwani, akashika mabomba huku nikichomelea, cheche zikamtoboa shati. Kila nilichomaliza alikikagua. Alikalia kiti, akatikisa meza, akairudisha. "Hii inacheza. Mutoto atakosa hesabu ju ya muguu yako mubaya." Nilimwambia akachomelee yeye. Akasema afadhali, angalau yeye anajua kusoma futi. Meza tatu alinirudishia, na nitakiri kwamba mbili kati yake zilikuwa zinacheza kweli. Vijiti vilipokwisha alitoweka, akarudi baada ya saa nzima na pakiti nusu aliyoipata kwa mume wa mmoja wa walimu, mabaki ya geti alilojenga jirani yake kule Kinindo. Sikumshukuru, naye hakungojea shukrani.

Jumatatu saa nne Zénon aliingia darasani. Alikalia kiti cha teksi, akaruka ruka juu yake. Alipima kimo. Aliinama kutazama zile namba nyeupe, akauliza, akaelezwa, akainuka.

"Règlement haisemi kiti ya gari," alisema.

"Haisemi pia apana," Concilie akamjibu.

Zénon alitafuta kosa mpaka kona ya mwisho. Kisha akasaini, akilalamika kwamba darasa linanuka dizeli. Watu wa getini walipiga kelele za furaha, na Massoudi akaenda kukaa peke yake nyuma ya ukuta.

Jumanne asubuhi nilimnunulia Houda kalamu mpya aina ya Bic. Alivaa sare yake ya kaki, safi, na tukaenda pamoja. Nilitembea nikiringa, kweli. Niliamkiwa na watu ambao huwa hawaniamkii. Getini wazazi walikuwa wamejaa. Concilie alisimama na orodha mkononi akiita majina, na kila aliyeitwa aliingia na kupotelea mlangoni mwa darasa. Joëlla alipoitwa, Houda alimpa ile Bic. Nikadhani anayo nyingine.

"Soixante," Concilie alisema, yaani sitini, akakunja karatasi. Askari akaanza kufunga geti.

"Na Houda?" niliuliza. Halafu nikapaza sauti: "Direktrisi! Na Houda wangu?"

Alinitazama, na siku hiyo hakukunja uso. "Houda haiko kwa liste, Fundi. Fiche yake ya kujiandikisha haikusainiwa."

"Fiche gani?"

"Ya mwezi wa pili. Muzazi anakuya mwenyewe shuleni na kitambulisho, anasaini mbele yangu. Nilikuita mara tatu."

Nikakumbuka. Nilikuwa chini ya gari, Houda amechuchumaa kando, ananiambia Direktrisi anataka uje usaini. Nami nikajibu kwamba anayetaka sahihi yangu anajua gereji yangu iko wapi. Alirudi mara ya pili, nikajibu vile vile. Mara ya tatu nililisema lile jibu kwa sauti ili mafundi wacheke, na walicheka.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimfokea Concilie. "Siku mbili tuko pamoja, tunagombana juu ya kila bolti, na husemi!"

"Mi nilifikiri unajua," alisema taratibu. "Nilisema: huyu mutu iko na mudomo mubaya, lakini mutoto wake hafanye konkuru, na bado anachomelea watoto ya wengine. Ju ya ile nilikuvumilia."

Laiti angenitukana. Nilimgeukia Houda. Alikuwa amesimama palepale na sare yake safi, mikono mitupu.

"We ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu mwezi wa pili? Ju ya nini hukuniambia? Hata wakati wa meza, hata juzi?"

Hakulia. Alitazama lile geti lililofungwa, akanijibu kwa sauti ya chini kama mtu anayemweleza mtoto.

"Ningekuambia, ungekuya kumutukana Direktrisi. Halafu ungeacha kazi ya meza. Na wao wangevuka daraja."

Ndani kengele ya mtihani ikagongwa. Nilifungua mdomo kumwambia si kweli, baba yake si mtu wa namna hiyo. Massoudi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na amesikia yote. Alinitazama, na yeye pia alinijua vizuri.

Ningeacha. Wallahi, ningeacha.